Katiba ya Vyumba Sita

Chumba cha nyuma, kando ya tangi la maji
3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Imekwisha. Hati ina majina mawili, lako juu na langu chini, kwa kuwa wewe ndiye uliyetangulia kuzaliwa na ndiye uliyetangulia kuweka akiba. Najua ungependa nikupigie simu. Lakini marehemu Baba, aliyepanga barua za watu nyuma ya dirisha la posta hadi mgongo ukapinda, alituachia kanuni moja tu: jambo la maana huandikwa. Na hili, Dada, ni jambo la maana. Sisi, watoto wa mtu aliyekufa akiwa mpangaji, tunamiliki nyumba!

Acha nikuoneshe. Kuna korido ndefu kutoka mlango wa barabarani hadi uani, vyumba vitatu huku na vitatu huku. Uani kuna bomba, choo, mabafu mawili na kamba za kuanikia ambazo kila mmoja ana upande wake, na ole wako ukianika kwa jirani. Bati limepata kutu ya rangi ya chai. Dalali, ambaye sijapata kumsikia akijibu swali bila kuapa, ameapa kwamba halivuji.

Unakumbuka ile semina ya vijana wanaoanza uwekezaji? Nilikwenda ili nimzomee msemaji. Mimi niliyeongoza mgomo wa kodi za mabweni, mimi niliyepanda juu ya meza ya kantini na kutangaza kwamba mwenye nyumba ni mtu anayekula usingizi wa wenzake, nikakaa safu ya nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa. Yule bwana, ambaye viatu vyake viling'aa kuliko hoja zake, akasema: "Kijana, usianze na kiwanja, kiwanja hakilipi kodi. Anza na nyumba kuukuu yenye wapangaji ndani. Hela ifanye kazi wewe ukiwa umelala." Nilimzomea kimoyomoyo, nikaandika kila neno.

Sasa chumba cha Mama. Ni cha mbele, upande wa kulia. Dirisha lake linatazama barabara, na kutoka mlangoni pake hadi bafuni sakafu ni sawa, hakuna ngazi hata moja. Anayekaa humo ni mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, dereva wa malori aliyestaafu, na anahama mwisho wa mwezi kwenda kukaa kwa mwanawe. Nimeona kwa macho yangu: masanduku yamefungwa kamba, godoro limekunjwa, hata msumari aliokuwa akitundikia kofia ameung'oa. Mimi nimejichukulia cha nyuma. Kina ngazi, na ukuta wake unatoka jasho kwa sababu ya tangi. Hakimfai Mama na kifua chake, lakini mimi kifua changu, kama unavyosema, kimejaa maneno tu.

Mwambie aanze kufunga mizigo.

Ndugu yako,
Kipaza


Nyumba za wauguzi, nyuma ya wodi ya wazazi
14 Machi

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, maana zamu hii haina kiti. Kisha nikamsomea Mama. Kwanza alilia. Alipomaliza kulia akaanza maswali: Dirisha lina komeo? Jua linaingia asubuhi au jioni? Na huyo dereva anahama kwa hiari yake au amesukumwa? Mjibu yote, hasa la mwisho.

Mimi nina langu. Hospitali inazitaka nyumba hizi, wanavunja wajenge maabara. Tumepewa hadi mwisho wa Juni. Mimi nitajibanza kwa wenzangu, muuguzi hakosi pa kuegemea. Mama hawezi kujibanza. Kwa hiyo chumba cha mbele si pambo, mdogo wangu, ndicho nyumba yenyewe. Hivyo vingine vitano ni vya kulipia hicho. Nisingetoa akiba yangu kwa ajili ya bati lenye rangi ya chai.

Na nasaha. Huko chuoni walikuita Kipaza Sauti, wala hawakukuonea. Lakini mwenye nyumba anayeanza ana kazi tatu: kupokea kodi, kutoa risiti na kunyamaza. Mbili za kwanza utaziweza. Kwa heshima ya Baba nakuomba, usiwahutubie wapangaji.

Dada


Chumba cha nyuma
30 Machi

Dada yangu,

Mwambie Mama: komeo lipo, tena la chuma. Jua ni la asubuhi.

Jumapili niliwakusanya wapangaji uani. Haikuwa hotuba, yalikuwa maneno machache ya utambulisho. Fundi cherehani wa chumba cha pili, mama mmoja mwenye sauti ya hakimu, alizima mashine yake. Wasusi wawili walitoka na mteja wao, nusu ya kichwa kikiwa kimesukwa. Mlinzi alikuwa ametoka kazini hata viatu hajavua. Dada, nilipowatazama niliona nyuso zilezile nilizoziona kutoka juu ya meza ya kantini: nyuso za watu wanaongoja kuambiwa kodi imepanda.

Sasa nikuulize. Tulidai nini siku zile? Tuliwaambia wenye mabweni kwamba binadamu si mzigo wa kuhamishwa kila bei inapopanda. Tulisema, na wengine wetu tulifukuzwa muhula mzima kwa kusema, kwamba paa ni haki kabla halijawa biashara. Leo funguo zimo mkononi mwangu. Je, neno lililokuwa kweli nilipokuwa nimesimama juu ya meza linageuka uongo kwa sababu sasa nimekaa kwenye kiti? Kama ni hivyo, basi hatukuwa na hoja, tulikuwa na njaa tu. Mimi nakataa! Nilisema machache, nikaandika machache, tukapeana mikono.

Kuhusu Dereva, anamalizia mambo yake. Mtu aliyekaa chumba kimoja miaka mingi hatoki kama anayetoka kwa kinyozi. Mwambie Mama hasukumwi na mtu.

Ndugu yako,
Kipaza


Kamati ya Wapangaji
Chumba cha pili kushoto
12 Aprili

Kwa Mwenye Nyumba, chumba cha nyuma

YAH: OMBI LAKO LA CHUMBA CHA MBELE

Ndugu Mwenye Nyumba,

Milango yetu inatazamana, na jibu hili ungeweza kupewa bombani. Hata hivyo Kamati inakuandikia, kwa kuwa Ibara ya Tano ya Katiba uliyotuandikia inasema mambo yote kati yako na sisi yatakuwa kwa maandishi, "ili mnyonge asidanganywe kwa mdomo".

Tumekaa kujadili ombi lako kwamba Dereva aendelee na mpango wake wa kuhama. Dereva ameeleza, nami namnukuu: "Nilikuwa nahama kwa kuogopa mwenye nyumba mpya. Kwa mwanangu nina kiti, sina kitanda. Huyu kijana akapanda juu ya ndoo, akasema hatolewi mtu humu na kodi haipandi mpaka wenyewe tukubali. Nikarudi ndani nikafungua masanduku. Sasa tena nifunge? Mimi ni dereva, si mchukuzi." Msumari wa kofia ameshaupigilia mahali pake.

Ulipotaja kwamba chumba ni cha mama yako mzazi, wote tulisikitika, na mmoja wa wasusi alifuta machozi. Lakini Ibara ya Nne, uliyoisoma wewe mwenyewe kwa sauti kubwa hadi majirani wakachungulia ukutani, inasema: "Hoja ya mwenye nyumba kwamba ndugu yake anahitaji chumba haitapokelewa, kwa kuwa ni hila kongwe ya wenye nyumba wote." Tulikushangilia sana uliposema hivyo. Hatuwezi kukushangilia Machi na kukusahau Aprili.

Kura zikapigwa. Aliyetaka Dereva ahame alikuwa mtu mmoja, naye unamjua.

Mwisho, bati la koridoni linavuja. Tazama Ibara ya Pili.

Wako katika ujenzi wa nyumba,
Mama Cherehani
Mwenyekiti


Wodi ya wazazi
6 Mei

Mdogo wangu,

Karatasi hii ni ya joto la mgonjwa aliyeruhusiwa jana, usishangae hiyo mistari inayopanda na kushuka upande wa pili. Si moyo wangu.

Umeniandikia ukurasa mzima kuhusu meza na kiti, na mstari mmoja kuhusu chumba. Aprili yote umekaa kimya. Nikipiga simu unasema uko juu ya bati. Mwenye nyumba gani anaishi juu ya bati?

Mama amekwisha kufunga mizigo. Imebaki sufuria moja na khanga ya kujifunikia. Ameanza kushona pazia la hilo dirisha, anataka upana wake. Siku hizi amekuwa mtu wa kutembelea watu: leo yuko kwa muuguzi wa wodi ya watoto, kesho atakuwa kwa yule wa macho. Anakohoa kidogo. Usijali, mimi namwangalia.

Nipe upana wa dirisha. Na unipe tarehe.

Dada


Chumba cha nyuma
22 Mei

Dada,

Upana wa dirisha ni mikono yangu miwili ikinyooshwa, ukipunguza kiganja. Nimepima mwenyewe. Tarehe sina.

Niko ofisi ya bima mchana kutwa, nikiwaeleza watu kwa nini ajali yao haimo kwenye mkataba. Nikirudi napanda juu ya bati na kopo la lami. Naziba tundu moja, maji yanahamia la pili; nyumba hii inavuja kwa zamu. Nikishuka nakuta mtu ananingoja chini ya ngazi na karatasi. Choo. Kitasa. Taa ya uani. Kila karatasi imeandikwa vizuri, kwa adabu, na kila mmoja ana haki. Hilo ndilo linalochosha. Ningekuwa nagombana na wabaya ningepata nguvu.

Nilidhani mali ni silaha. Nilidhani ukiinyang'anya kutoka kwa mkorofi na kuiweka mkononi mwa mwadilifu, vita vimekwisha. Hakuna aliyenihutubia kuhusu kitasa.

Chumba hakijawa tayari. Naomba usiniulize kwa nini.

Ndugu yako,
Kipaza


Kamati ya Wapangaji
3 Juni

Kwa Mwenye Nyumba wa Pili, hospitalini

YAH: SAHIHI YAKO

Dada Mheshimiwa,

Hatujaonana. Mimi ni fundi cherehani wa chumba cha pili na Mwenyekiti wa wapangaji wa nyumba yenu. Katika kupitia hati tumeona kwamba nyumba ina wenye nyumba wawili, na kwamba Katiba yetu ina sahihi ya mmoja. Mlinzi, ambaye kazi yake ni kushuku, amesema ngazi ya mguu mmoja haipandiki. Kwa hiyo naambatanisha nakala utie sahihi yako.

Usiogope, ni ibara saba tu, na zimeandikwa kwa Kiswahili kitamu. Ibara ya Kwanza ndiyo tunayoipenda kuliko zote: "Kila alalaye chini ya paa hili, awe kitandani, mkekani au sakafuni, ni mkazi kamili mwenye kura yake, wala hataondolewa ila kwa kura za theluthi mbili za wakazi."

Dereva wa chumba cha mbele anakusalimu na kukushukuru. Anasema tangu ndugu yako alipopanda juu ya ndoo na kutusomea Katiba kwa sauti, naye akafungua masanduku yake, amepata usingizi. Anauliza pia kama wewe ndiye uliyekuwa unapimiwa dirisha, kwa sababu ndugu yako alikuja, akanyoosha mikono yake miwili dirishani, akapima, akakaa kitandani muda mrefu, kisha akaondoka. Kijana wenu ni mwema. Ila amechoka.

Mama Cherehani
Mwenyekiti


Wodi ya wazazi
10 Juni

Kipaza,

Nimepokea katiba yako.

Sikutegemea kukuandikia kwa hasira, na sasa nilipokaa kuandika naona hasira yenyewe imeniishia njiani. Nimetoka zamu. Miguu imevimba. Nitasema tu.

Kwanza, lako. Mtu alikuwa mlangoni na masanduku yake. Ulichotakiwa kufanya ni kumuaga kwa mkono. Wewe ukapanda juu ya ndoo ukamhutubia mpaka akarudi ndani! Mdogo wangu, wenye nyumba wengine wanahangaika kuwatoa watu kwa polisi na mahakama. Wewe umemrudisha mtu ndani kwa ufasaha. Kisha ukaandika ibara ya kumzuia mama yako mwenyewe, ukaisoma kwa sauti. Nilicheka peke yangu kwenye chumba cha kubadilishia nguo hadi mwenzangu akadhani nalia, na baada ya muda alikuwa sahihi.

Pili, langu. Nilikuambia mwisho wa Juni. Nyumba zilifungwa Aprili. Walikuja na kufuli, wakatupa siku ya kutoa vitu. Sikukwambia kwa sababu nilidhani ni wiki mbili tatu, chumba kinakaribia, na ukijua utapanda juu ya meza ya mkurugenzi. Tangu hapo Mama analala kwenye kitanda cha muuguzi yeyote aliyepanga nje ya hospitali na aliye zamu ya usiku. Wenzangu ni watu wema, wanapeana zamu kwa ajili yake. Mwenye kitanda anatoka kazini asubuhi amechoka, hivyo kabla hajafika Mama anakuwa ameshaamka, ametandika, ameketi kwenye benchi la nje na mfuko wake. Hajawahi kumchelewesha mtu. Hajawahi kulalamika. Kile kikohozi ni cha benchi.

Kwa hiyo tumedanganyana vizuri, wewe kwa ajili yake na mimi kwa ajili yako.

Nimeisoma ibara yako ya kwanza tena na tena kama dozi. Kila alalaye chini ya paa. Hukusema chumbani. Korido ina paa, hata kama ni hilo lako linalovuja. Jumamosi tunakuja na godoro. Atalala koridoni, mbele ya mlango wa huyo dereva, na tangu asubuhi ya Jumapili atakuwa mkazi kamili mwenye kura yake, na mtu akitaka kumtoa alete theluthi mbili.

Usitafute chumba. Usimwombe mtu. Na ukituona tunaingia, tafadhali, usiseme neno.

Dada


Koridoni
29 Juni

Dada yangu,

Uliondoka Jumapili ile jioni kuwahi zamu, kwa hiyo yaliyofuata hukuyaona. Nitakueleza bila mapambo, nguvu za mapambo sina.

Jumatatu asubuhi kila aliyekwenda bombani alimruka Mama. Si kwa dharau. Korido ni nyembamba. Wanavua kandambili, wanashika ukuta, wanasema "samahani Mama", wanaruka. Wakirudi na ndoo, "samahani Mama" tena, na tone la maji linamdondokea. Naye anaitikia kila mmoja, "Pita, mwanangu", kama mtu aliyekaa sebuleni kwake. Hakuomba kitu. Hakumlaumu mtu. Mchana alivuta godoro hadi mlangoni kwa Mama Cherehani akawa anamshonea pindo, na hapo hapo akamalizia lile pazia lake. Dada, nimewahi kuongoza migomo. Sijawahi kuona mgomo kama ule.

Wa kwanza kushindwa ni Dereva. Yeye hukaa dirishani siku nzima akisikiliza malori na kuyasahihisha: "Gia ya pili, bwege we, ya pili!" Siku hizo alinyamaza. Nilimsikia akifungua mlango.

"Mama, ingia ndani. Mimi nitalala hapo."

"Sikuja kumtoa mtu kitandani."

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Nimeletwa. Na watoto."

"Hata mimi masanduku yangu yalifungwa na watoto," akasema, akafunga mlango. Kisha akafungua tena. "Hilo pazia ni la dirisha gani?"

Mama alilikunja tu, akaliweka chini ya mto.

Wiki iliyopita Dereva aliitisha mkutano. Nilikuwa nimejiandaa kunyamaza kama ulivyoniagiza, na sikuhitaji kujilazimisha. Alisimama, si juu ya ndoo, chini tu. Akasema Ibara ya Nne inamzuia mwenye nyumba kuleta hoja ya ndugu yake, haimzuii mpangaji kuleta hoja ya jirani yake. Akaleta hoja: Mama achukue chumba cha mbele, yeye Dereva achukue cha nyuma, magoti yake ni mazima na ukuta wenye jasho si kitu kwake, ameshalala pabaya zaidi, chini ya lori la samaki. Sharti lake ni moja, kiti chake kibaki dirishani mwa Mama hadi jua linapozama, mlango ukiwa wazi. Mama akasema kiti kibaki, ila gia zisemwe kwa sauti ya chini.

Ndipo Mlinzi akauliza, "Na mwenye nyumba atalala wapi?"

Wasusi wakatazamana. Mama Cherehani akafungua karatasi kama vile hajui kilichomo. "Mwenye nyumba alituambia yeye ni mkazi kama sisi. Kila alalaye chini ya paa, kitandani, mkekani au sakafuni." Akanitazama juu ya miwani. "Koridoni pamekuwa wazi."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, Dada, kwa mara ya kwanza tangu Machi. Nilinyoosha mkono kabla ya wote. Hoja ilipita bila aliyepinga.

Nakuandikia basi nikiwa chini, mgongo ukutani. Asubuhi wananiruka. Wanaokwenda bombani hunisalimu, "Shikamoo mwenye nyumba", hata wale wanaonizidi umri, na wakirudi na ndoo hunidondoshea. Hoja yangu kuhusu bati imeahirishwa, kwa kuwa bati ni wajibu wangu. Tundu la mwisho liko juu ya kichwa changu hasa. Yule msemaji wa semina hakudanganya: hela inafanya kazi, mimi nimelala. Hakusema nitalala wapi.

Nimejaribu kupanga chumba mtaa wa pili. Mwenye nyumba wa huko, mzee mmoja mkali, alinitazama tangu kichwani hadi miguuni. "Wewe si ndiye yule wa katiba?" Nikasema ndimi. Akasema chumba kimeshachukuliwa. Nyuma yake nilikiona, mlango wazi, kitupu, kimefagiliwa.

Huenda nikimtembelea tena nikamwambia machache.

Hapana. Nimechoka. Nitatoa risiti zangu na kunyamaza, kama ulivyoniusia.

Ndugu yako,
Kipaza


Chumba cha mbele
8 Julai

Mwanangu,

Naandika mwenyewe, macho yanatosha kwa maneno machache. Baba yenu angefurahi, ila angesema mwandiko wangu unahitaji stempu mbili.

Wasalimu wale wasichana wenye vitanda, mmoja mmoja. Waambie nawaombea miguu yao.

Pazia limekaa vizuri, limepungua kidogo upande mmoja. Mdogo wako amepima kwa mikono yake mwenyewe, na mikono yake hukumbatia kuliko inavyofika. Usimlaumu tena. Kila nikitoka kwenda bafuni namwona hapo chini ametegesha sufuria kwenye tone, amelala mdomo wazi, hana neno. Namfunika.

Yule mwenye kiti ni mtu wa makelele, lakini anaondoka jua likizama kama tulivyopatana.

Nilitaka kukwambia moja tu. Leo alfajiri nimezinduka kwa hofu. Nikaamka, nikakung'uta shuka, nikatandika haraka haraka, nikachukua mfuko wangu, nikafika mlangoni. Nilidhani mwenye kitanda anarudi kutoka zamu.

Nikasimama pale na mfuko mkononi, nikingoja mtu aje. Hakuja mtu.

Basi nikautua mfuko, nikatandua, nikalala tena hadi jua likaingia.

Mama yako